Niliutangaza Mlolongo Mfupi Kuwa Mrefu

Ndugu msomaji, jina langu sikuambii, lakini kosa ni langu, tena nililifanya macho yakiwa mazima kabisa. Mwenyekiti wa mradi wetu wa maji huku Kibugu hatoki kitini, na aliyemkalisha ni mimi.

Ilikuwa miaka ile ya kura za mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku, unasimama nyuma ya mtu wako, basi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa vile nilijua hesabu, nikapewa kazi ya kutangaza mshindi.

Siku mbili kabla, mwenyekiti alinijia shuleni. "Mwalimu, bomba likipita, boma ya kwanza kupata maji ni yako."

Nilikubali, jamani! Nilikubali haraka hata aibu haikupata nafasi ya kunishika.

Siku ya kura, mlolongo wa mpinzani wake, mama mmoja mkulima wa chai, ulitoka uwanjani, ukapita kanisa, ukazama huko mashambani. Mama yangu mzazi alikuwa humo. Nyuma ya mwenyekiti walisimama wake zake wawili, shemeji yake, na mzee mmoja aliyekuja kuulizia mbuzi wake aliyepotea.

Uwanja mzima ukanigeukia. Ningefanyaje? Nikakumbuka mila: kwetu watu hawahesabiwi kwa kidole, ni kuita mkosi. Nikapaza sauti, "Mila haziniruhusu kuhesabu watu! Nitaangalia tu kwa macho."

Nikaangalia. Nikamtangaza mwenyekiti!

Yule mzee akainua mkono. "Sasa mwalimu, mimi nime-vote ama?"

"Ume-vote na umeshinda, mzee. Enda nyumbani."

"Na mbuzi?"

Maji yakaja kwangu kweli, kisha kwa wengine. Lakini wale wa mlolongo mrefu wakakatiwa mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake: huyu bomba lake limepinda, yule hana adabu. Mama yangu aliambiwa mfereji wake unapiga kelele. Nikamwomba aje achote kwangu, ni hatua chache tu. Akakataa. Mwishowe kwa hao wote ukabaki mfereji mmoja tu, langoni kwa mwenyekiti.

Uchaguzi uliofuata hata mkutano haukuitwa. Mwenyekiti alinishika mkono asubuhi, akanionyesha watu waliopanga foleni langoni kwake na mitungi.

"Ona mwalimu, vile wananipenda! Tangaza."

Mungu anisamehe, nikatangaza! Kura zote ni zake, hata ya mpinzani, maana naye alikuwa pale na mtungi wake akisubiri maji. Mwenyekiti akatoa hotuba ya shukrani. Watu wakapiga makofi, kwa sababu asiyepiga alirudishwa mwisho wa foleni.

Mama alikuwa wa tano, kamba ya mtungi kwenye paji la uso. Akaniangalia.

"Hata mimi umenitia kwenye kura zake?"

"Mama, ni kazi tu."

"Sawa, mwalimu."

Lo! Hujui neno hilo lilivyonichoma. Mimi nimebeba jina la babake, na tangu kuzaliwa aliniita baba. Baba njoo ule, baba umeamkaje. Siku ile nikawa mwalimu, na ni mwalimu hadi leo, mbele ya mke wangu, mbele ya watoto wangu. Nimemwomba msamaha, akanijibu kwa heshima kama anavyomjibu mgeni.

Wewe unayeombwa leo utangaze kitu ambacho macho yako yamekataa, kataa nawe! Mkubwa wa namna hii ni mtu mdogo tu mpaka apate wa kumsemea. Mimi nilimsemea. Sasa niko na maji tele nyumbani, na mama yangu akija hataki hata kunawa mikono nayo.