Kichupa Kilichoganda

Kichupa nilikiweka kwenye friza mimi mwenyewe. Kilifika maabara yetu ya Ruiru Jumatatu mchana, ndani ya boksi la barafu, nami nilikuwa napokea sampuli huku simu nimeibana begani. Mahali pake palikuwa friji ya kawaida. Karatasi yake ilisema wazi kisigandishwe. Jumatano asubuhi nilikikuta kimekuwa jiwe. Nikakiacha mezani kikayeyuka, nikakiinua kwenye mwanga. Maji maangavu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikakirudisha kwenye friji na sikumwambia mtu.

Ndani yake mlikuwa na kingamwili ya kupimia seli T, zile seli za damu zinazopigana na magonjwa. Kila seli T ina kipokezi cha kumtambua adui, na protini moja ya kipokezi hicho huja kwa aina mbili. Kingamwili yetu hushika aina moja tu, na inaposhika tunaona rangi ya kahawia kwenye darubini. Kwa kawaida seli huwa zimechanganyika, nyingine kahawia, nyingine hazina rangi. Zikiwa zote kahawia, au zote hazina rangi, inaelekea zimezaliwa na seli moja iliyoasi. Hapo tunaanza kusema saratani.

Alhamisi niliitumia kupima kipande cha tezi ya fundi mmoja wa mashine, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyefanya kazi kiwandani Thika na kuishi Makongeni. Tezi za shingo zilikuwa zimevimba, na vipimo vingine vilikuwa vimetuacha na shaka. Mkewe alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi la mapokezi.

"Madam, majibu?"

"Bado, mama. Vumilia kidogo."

"Yeye ananiuliza mimi, na mimi nakuuliza wewe. Sasa wewe unamuuliza nani?"

Kioo chenye kipande cha tezi ya mumewe kilitoka bila rangi. Hakuna hata seli moja ya kahawia. Kando yake nilikuwa nimeweka kipande cha tonsili, tezi ya kooni, ya mtu mwingine, cha kuhakikisha kwamba kingamwili inafanya kazi. Hicho kilikuwa na rangi hafifu, kama chai iliyoongezwa maji mara mbili. Daktari wetu wa patholojia, mzee asiyependa maneno mengi, aliuliza bila kuinua macho.

"Tonsili imeshika?"

"Imeshika."

"Basi kesho saa nne nasaini kwamba ni saratani."

Nilirudi nyumbani Kiganjo nikapika, nikashindwa kula. Nilijiambia imeshika, si imeshika kidogo? Lakini nilijua. Kioo kitupu kingeweza kumaanisha ugonjwa, na kingeweza kumaanisha kingamwili imekufa mikononi mwangu.

Asubuhi mama yule alikuwa amenitangulia. Safari hii hakuuliza majibu.

"Nimepigia ndugu zake wa nyumbani," alisema. "Nimewaambia wajiandae."

Nikapita moja kwa moja hadi ofisini kwa daktari. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Daktari, usisaini. Kile kichupa kiliganda. Nilikigandisha mimi, na tonsili haikushika vizuri."

"Haiya!" Akaweka kalamu chini. "Na jana nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akaisukuma ripoti kando.

"Tezi yenyewe imebaki?"

"Kidogo sana. Labda ya kukata mara mbili."

Alipiga simu kwa rafiki yake mwenye maabara Thika, aliyekuwa na kingamwili kama hiyo. Nikaenda na boksi la barafu, nikarudi nimelipakata. Kipande cha tezi kilikuwa ndani ya nta, chembamba kama ukucha. Mkato wa kwanza ulijikunja kwenye beseni la maji ya vuguvugu ukaharibika. Ukabaki mmoja tu. Wa pili ulikaa kwenye kioo.

Alasiri daktari aliangalia tonsili kwanza. Ilikuwa imeshika, kahawia ya kweli. Akasogeza kioo hadi kwenye tezi, akakaa hapo muda mrefu mno.

"Njoo uone."

Seli zilikuwa zimechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri, za kahawia na zisizo na rangi, bega kwa bega. Haikuonekana kuwa saratani.

Daktari akatoka mwenyewe hadi kwenye benchi. "Mama, mzee anakunywa dawa yoyote?"

"Ya kifafa tu. Alianzishwa juzijuzi, kabla ya shingo kuvimba."

Fomu iliyokuja na tezi haikuwa imesema hivyo. Kuna dawa za kifafa zinazoweza kuvimbisha tezi mpaka zifanane na saratani. Daktari aliwapigia waliomtibu, wakambadilishia dawa, na baada ya majuma kadhaa shingo ikarudi kama zamani.

Mimi niliandika kosa langu kwenye kitabu cha maabara, kwa mkono wangu, na kwa miezi mingi daktari mwenyewe aliikagua kila tonsili niliyoipima. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Mama yule alipokuja kuchukua ripoti ya mwisho nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ulijua siku ile nikikuuliza?"

"Nilijua, mama. Nisamehe."

Alifunga leso yake upya kichwani, akatia bahasha kwenye mkoba. Kisha akaniambia nimsalimie daktari.