Kijiti Kilichosema Oili Imejaa

Shemeji yake, fundi wa gereji, alikuwa ameshaingia chini ya lori, imebaki miguu tu nje, na kila nati aliyoilegeza ilimkwaruza Mama Tangi rohoni.

Lori hilo la maji aliachiwa na marehemu mumewe. Kwa miaka tisa alikuwa akipeleka nalo maji hospitalini, yeye mwenyewe usukani. Lakini tangu juzi, likishapata moto injini ilinguruma tu na lori halisogei. Asubuhi hiyo lilikwama kwenye mlima wa hospitali likavutwa hadi gereji. Mtunza stoo wa hospitali alimpigia simu.

"Mama, ikifika saa nane sijaona maji, namwita mwenye lori jingine, na ndiye atakayeendelea. Wagonjwa hawawezi kunywa heshima yako."

Sasa ilikuwa saa tano na nusu.

"Giaboksi imekufa, shemeji," sauti ilitoka chini ya lori. "Klachi za ndani zimeungua. Tunaishusha, tunabadilisha zote. Wiki tatu."

"Umeziona wapi, na giaboksi haijafunguliwa? Macho yako yanapenya chuma?"

"Sikio la fundi linatosha. Hizi za otomatiki zote hufa hivihivi."

"Hata mgonjwa hupimwa kabla ya kupasuliwa. Oili umepima?"

Fundi akajisukuma nje, uso umejaa grisi, akacheka. "Nipime mara ngapi? Si wewe unayepima kila alfajiri, unawasimanga madereva wote kuwa ni wavivu?"

Hilo lilikuwa kweli. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha injini, Mama Tangi alichomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akakifuta, akakichovya, akakisoma. Mumewe alimfundisha hivyo, naye hakuruka hata siku moja. Akakichomoa tena sasa. Oili ilifika alama ya juu kabisa.

"Umeona? Saini karatasi, niendelee na kazi. Au tafuta fundi mwingine."

Hakusaini. Alikileta kijiti puani. Harufu ya breki zilizoungua aliijua. Klachi zilizoungua nazo zisingenukia manukato. Oili ilikuwa nyekundu, safi, hainuki.

"Kitu gani kinaungua bila kunuka, shemeji?"

Fundi akachukua spana yake. Akarudi chini.

Saa sita kasoro. Mama Tangi alipanda kwenye kabini, akavuta kitabu cha maelekezo ya lori kilichokuwa kwenye mfuko wa nailoni tangu lilipokuja. Marehemu alizoea kusema vitabu ni vya wasioijua kazi. Akapekua hadi kwenye picha ya kijiti. Akasoma. Akarudia, kidole kikifuata mstari. Oili ya giaboksi hupimwa injini ikiwa inanguruma na ina moto, lori likiwa mahali tambarare, gia zote zikiwa zimepitishwa. Injini ikizimwa, oili iliyokuwa ikizunguka hurudi chini, na kijiti huonyesha imejaa hata kama imepungua.

Akakifunga kitabu. Miaka tisa!

"Kaza nati ulizolegeza utoke chini, shemeji. Nawasha."

"Maiti unaiwasha ya nini?"

"Toka!"

Akawasha. Akakanyaga breki, akapitisha gia moja baada ya nyingine, akaacha injini ipate moto. Dakika hizo zilikuwa ndefu. Kisha akashuka, akachomoa kijiti.

Kilikuwa kikavu. Ncha tu ndiyo iliyolowa.

Fundi alikitazama, akamtazama yeye, akachukua tochi na kulala chini bila kuambiwa. "Paipu ya kupeleka oili ikapoe kwenye rejeta," alisema baadaye, sauti imepungua. "Inavuja kwenye kiungio. Presha ikiwepo tu, injini ikizimwa haivuji."

Alibadilisha mpira wa kiungio, akajaza oili kidogo kidogo injini ikiwaka, Mama Tangi akisoma kijiti kila mara. Saa saba na robo lori lilirudi nyuma, likaenda mbele, bila kusita.

"Shemeji," fundi alisema akijifuta mikono, "haya yabaki hapahapa. Usinitangaze."

"Nitasema. Wewe ulitaka kupasua kabla ya kupima. Na mimi nimepima vibaya miaka tisa huku nikiwasimanga wenzangu. Nitayasema yote mawili."

Tangi likajazwa maji. Chini ya mlima wa hospitali alishikilia usukani kwa mikono yote miwili, masikio yakiusubiri ule mngurumo mtupu. Lori lilibadili gia, likapanda.

Saa nane kasoro dakika nne mtunza stoo alikuwa langoni, simu mkononi.

"Lilikuwa na ugonjwa gani?"

"Mwenye lori hasomi," Mama Tangi alijibu, akamkabidhi ncha ya mpira wa maji.