Sauti ya Sperancia Kwenye Tepu ya Kwaya

Protase Rwezaura alianza ufundi wa redio pale Chonyonyo enzi ambazo mtu akinunua redio majirani walimiminika kwake kumpongeza. Siku hizi wateja wake walikuwa watu wa taa za sola na redio ndogo za betri, na kwa simu alikuwa na jibu moja tu: "Hizo peleka kwa vijana." Alikuwa mzee wa miaka sitini na sita, mrefu, mwenye maneno machache na makali. Watu walimvumilia ukali wake kwa sababu moja. Mkewe Sperancia alifariki kwa homa mwaka 1990, akamwacha na binti wa mwaka mmoja, na Protase hakuoa tena. Kanisani walimtaja kama mfano. Wanawake wakigombana na waume zao walisema, "Ungekuwa Protase, ungejua maana ya mke." Yeye alisikia, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa unyenyekevu.

Binti huyo, Kemirembe, alilelewa na bibi yake kijijini Rugera, akasoma, akawa mwalimu Bukoba. Baba na mwana walikuwa na heshima tu baina yao, si mazoea. Binti alipiga simu Jumapili, akauliza hali, akaaga.

Mwaka 2021 dada yake Protase alifariki, na Kemirembe akaja msibani na mwanawe mdogo. Pale kaburini aliombwa aongoze wimbo. Alipofungua kinywa, wanawake wa zamani wa kwaya walishikana mikono. Mama Costansia, aliyekuwa akiimba pamoja na Sperancia, alilia mpaka akakalishwa chini. "Ni Sperancia," alisema. "Jamani, ni Sperancia mwenyewe huyu."

Jioni ile Kemirembe alimfuata baba yake chini ya migomba alikokuwa amekwenda kukaa peke yake.

"Baba, tangu nikiwa mdogo watu wananiambia nina sauti ya mama. Mimi sijawahi kuisikia. Ni kama naambiwa nimevaa nguo ya mtu nisiyemjua."

Hapo ndipo Protase alipokumbuka mashine. Mwaka 1987 mchungaji mmoja wa Kizungu aliirekodi kwaya ya usharika kwa mashine ya tepu, ile ya magurudumu mawili makubwa, nzito kama sanduku la mwanafunzi. Sperancia ndiye aliyeongoza nyimbo zote. Mchungaji alipoondoka, mashine ilibaki usharikani, na kila ilipoharibika ililetwa kwa Protase, mpaka siku ilipokufa kabisa ikatupwa stoo.

"Sauti ya mama yako ipo," alimwambia binti yake. "Nitakutolea."

Kemirembe alimtazama. Hakuwa amezoea kuahidiwa kitu na baba yake. "Kweli, Baba?"

"Mimi ni fundi."

Mzee wa kanisa, Elick, alimfungulia stoo wiki iliyofuata. Mashine ilikuwa chini ya viti vilivyovunjika, panya wamezaa ndani yake. Tepu ilikuwa salama kwenye kopo la biskuti, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Kwaya 1987.

"Chukua, mzee wangu," Elick alisema. "Kwa ajili ya mama yule, nani atakukatalia?"

Ikaanza kazi ambayo Protase hakudhani ingemla miaka miwili. Mota aliisafisha, ikazunguka. Kapasita zilizovimba alizitoa, akaweka nyingine kutoka kwenye televisheni mbovu. Lakini mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu ulikuwa umeyeyuka na kuwa kama lami. Alikata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli, ukawa unateleza. Akajaribu ule wa deki ya video, mfupi. Wa tatu aliupata kwenye mashine ya kutolea fotokopi iliyokufa huko Kayanga, akaukata na kuuunga upya mara nne kabla haujakubali kwenda bila kuyumba. Lile gurudumu dogo la mpira linalobana tepu lilikuwa limekauka na kupasuka. Alipeleka kipande cha mpira mgumu kwa mkereza vyuma, akakaa pale siku nzima akimsumbua: "Punguza kidogo. Umezidisha. Anza upya."

Kilichomshinda ni kichwa, kile kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa dole gumba, ambacho ndicho kinachosoma sauti kwenye tepu. Chake kilikuwa kimelika kabisa. Hicho hakichongwi wala hakibuniwi. Aliuliza Bukoba, akauliza Mwanza, vijana wakamtumia picha za vichwa vya redio za kaseti, akawajibu kwa matusi.

Mwishowe alikwenda Murongo, mpakani, kwa mama mmoja aitwaye Mukabera, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akivuka kwenda Uganda kila wiki. Alimpa kile kichwa kibovu kimefungwa kwenye leso. Miezi mitano ikapita. Siku moja Mukabera akapiga simu.

"Mzee, nimepata mtu. Mashine anayo kama yako. Lakini anasema hauzi, na hakuna wa kuigusa isipokuwa wewe uje mwenyewe."

Protase alivuka. Mtu huyo alikuwa mzee Nsanzimana, fundi wa zamani kuliko yeye, sasa kipofu. Mashine yake ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa safi. Alimpapasa Protase vidole kwanza, akacheka kidogo aliposikia makovu ya kuungua na risasi ya kuunganishia nyaya.

"Fundi kweli. Kuna nini kwenye hiyo tepu?"

"Mke wangu. Anaimba."

"Yuko wapi?"

"Alifariki. Miaka thelathini na zaidi."

Nsanzimana aliondoa kitambaa. Kisha akasukuma mashine mbele. "Fungua, utoe. Mimi sitaki kitu. Mwanamume anayehangaika hivi kutafuta sauti ya mkewe, huyo alimpenda. Mungu akupe ulichokifuata."

Protase alifungua skrubu akiwa ameinama. Zile sifa alizipokea kama alivyozoea kuzipokea, na siku ile alirudi nyumbani akijiona mtu mwema.

Kichwa kilikaa sawasawa kwenye mashine ya usharika. Siku ya Jumanne, baada ya chai ya asubuhi, alifunga mlango wa kibanda, akavisha tepu na kubonyeza. Magurudumu yalizunguka kwa utulivu kama mapya. Ilikuja mvumo, kisha sauti ya mwanamume kijana, karibu sana, yenye majivuno: "Jaribio. Moja, mbili, tatu. Jaribio."

Hakuitambua mara moja. Alipoitambua, mkono wake ulikwenda kwenye swichi, ukabaki hapo.

Tepu ikaendelea. Mtoto mchanga akalia. Mlango ukalia. Na sauti ya mwanamke, si ya kuimba, sauti ya chini ya mtu anayekaribia kwa tahadhari:

"Protase. Protase... hiyo si tepu ya kwaya? Angalia usitufute."

Na yule kijana akajibu:

"Toka hapa! Wewe na mashine wapi na wapi? Toka, na hilo litoto lako linalopiga kelele!"

Mlango ukafungwa, polepole.

Kisha ikaja sauti ya mvua juu ya bati. Sasa alikumbuka alichokuwa amekisahau miaka yote hiyo. Ilikuwa mwaka 1989. Tepu tupu hazikupatikana, akachukua iliyokuwa karibu. Alikuwa amebonyeza kurekodi, amekasirika, na ametoka kwenda kilabuni kunywa rubisi, pombe ya ndizi, akaiacha mashine ikizunguka. Iliufuta wimbo wa kwanza, ikaufuta wa pili, ikaifuta kwaya yote mpaka tepu ikaisha. Na alipoulizwa usharikani, alisema mashine imeharibika.

Alisikiliza mvua ile hadi mwisho. Sperancia alikuwa na tabia ya kuimba akimenya ndizi, akiimba akifua, akiimba akimbembeleza mtoto. Protase alikaa ameinamisha sikio kwenye spika, akingoja walau mstari mmoja kutoka chumba cha pili. Siku ile hakuimba. Protase aliigeuza tepu upande wa pili akakuta matangazo ya mpira wa miguu.

Kufuta kungemchukua sekunde kumi. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe cha kurekodi. Angemwambia Kemirembe kwamba panya walikula tepu, na hakuna duniani ambaye angemshuku, yeye Protase. Alikaa hivyo mpaka chai iliyobaki ikapoa. Kisha alinyanyua simu.

Kemirembe alikuja Jumamosi amebeba sukari na mkate, uso umechangamka kuliko baba yake alivyowahi kuuona.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa." Alitaka kumweleza kwanza. Badala yake akaiendea mashine. "Si nyimbo," alisema. "Sikiliza."

Akabonyeza. Mvua ilipofika, akazima. Kemirembe alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Huyo anayelia ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na ndivyo ulivyokuwa unaongea naye?"

Protase alitafuta siku moja ya kumtolea mfano, siku moja tu aliyomwambia Sperancia neno zuri mbele ya mtu. "Ndivyo," alisema.

Kemirembe hakulia, wala hakumlaumu. Alitoa simu yake, akaiwasha irekodi, akaiweka karibu na spika. "Rudisha, tafadhali."

Alirudisha. Sperancia akasema tena, Protase, Protase, hiyo si tepu ya kwaya, angalia usitufute. Kabla yule kijana hajafungua kinywa, Kemirembe alizima simu.

"Inatosha," alisema. Mkate aliuacha mezani. Gari la kurudi Bukoba lilikuwa la saa nane, lakini saa tano alikuwa ameshafika stendi.

Mzee Elick aliuliza kama mashine imepona, akaambiwa imepona. Mama Costansia aliomba asikie kwaya yao, akaambiwa tepu ilioza. Alimshika Protase mkono akamwambia, "Pole sana, umejitahidi. Hakuna mume kama wewe." Na Protase, ambaye angeweza kusema, hakusema.

Kemirembe aliendelea kupiga simu kila Jumapili. Hali, kazi, mvua, kwaheri. Baada ya miezi mitatu hivi, simu ilichukuliwa na Vero, mjukuu wake wa miaka mitano.

"Babu, mama ana sauti ya bibi kwenye simu. Tunaisikiliza kabla ya kulala."

"Sawa, mjukuu wangu."

"Bibi anakuita jina lako. Anaita mara mbili. Mbona humwitikii, Babu?"

Protase alisema mtandao unasumbua, akakata simu.