Ukungu Katika Wino wa Verna

Geraldine Pawlak alipeleka barua kwa miguu katika mitaa ya Toledo miaka thelathini na mmoja, na mbwa walimng'ata mara nne. Alichokipenda katika kazi ile ni miandiko ya watu juu ya bahasha. Miandiko ilipoanza kupotea alistaafu, akanunua kalamu ya wino, kisha ya pili, kisha akaacha kuhesabu. Hakuolewa. Wenye midomo walisema ameolewa na kalamu, naye akawajibu kwamba kalamu haikoromi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wapenzi wa kalamu walikutana katika chumba cha chini cha maktaba, watu tisa au kumi. Desturi yao ilikuwa kila mtu aje na kichupa chake, akifungue mezani, na wenzake wachovye kalamu wanyonye wino walioupenda. Geraldine ndiye aliyekuwa askari wa meza ile. Kabla hujachovya anakunyang'anya kalamu, anaimulika kwa kurunzi, anainusa. Kama hukuiosha, unarudishwa bombani mbele za watu, hata uwe na mvi. Ya kwake hakuna aliyethubutu kuikagua.

Mwezi wa Mei, Mzee Clyde Hargrove, kinyozi mstaafu wa miaka themanini na mmoja, alileta kichupa ambacho hakuwahi kukileta. Ulikuwa wino wa kijani kizito alioukoroga marehemu mkewe, Verna, bila kuandika popote alichanganya nini na nini. Kila Jumapili baada ya kanisa Clyde aliandika ukurasa mmoja kwa wino huo na kalamu ya Verna, akimsimulia Verna habari za wiki. Alifanya hivyo kwa miaka sita, na sasa ilibaki theluthi ya kichupa.

"Chovyeni," alisema. "Verna hakuwa mchoyo. Bi Geri, anza wewe, msafi wetu."

Geraldine akachovya. Wengine waliona haya kuugusa wino wa marehemu, wakasema siku nyingine.

Wiki tatu baadaye aliifungua kalamu ile jikoni kwake, akakuta uzi wa ute mweusi ukining'inia kwenye nibu na vinyweleo vyeupe ndani. Akanusa. Ilinuka kama nyumba iliyofungwa baada ya mafuriko. Hapo ndipo alipokumbuka: kalamu ile ililala na wino wa zamani tangu Novemba, na asubuhi ile ya Mei aliichomoa kwenye droo kwa haraka, bila kuiosha. Mganga hajigangi. Na kalamu hiyo ndiyo aliyoizamisha katika wino wa Verna.

Aliisafisha kwa maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na matone ya amonia, akatupa kifuko cha mpira kinachobeba wino, akatia kingine na wino mpya wa bluu. Kufikia saa sita mchana kalamu ilikuwa imepona. Moyo wake ndio haukupona. Angeweza kunyamaza, kwani ukungu huota popote penye unyevu, na macho ya mzee hayakuwa mazuri. Aliliwaza jambo hilo mpaka kahawa ikachemka, nami simlaumu. Lakini kila Jumapili Clyde angekuwa anaijaza kalamu ya mkewe uozo ule, mpaka nayo ife. Akaiacha kahawa, akaitia kalamu mfukoni, akachukua funguo za gari, akaenda nyumbani kwa Clyde.

"Mzee Clyde, nionyeshe kichupa."

"Hata salamu hakuna? Nyumba inaungua?"

"Nitakusalimu baadaye. Kilete."

Kilipofunguliwa, utando wa kijivu ulikuwa unaelea juu ya wino. Geraldine alishika ukingo wa meza.

"Ni mimi. Kalamu yangu ilikuwa chafu. Nimekuharibia wino wa mkeo." Machozi yakamtoka, na hakujaribu kuyaficha.

Clyde akamgeukia. "Wewe? Wewe uliyenirudisha bombani mara mbili, tena mbele ya mchungaji?"

"Mimi."

"Kweli nyani haoni kundule."

"Sema tu, mzee. Nimestahili."

"Hauchujiki?"

"Utaonekana safi kwa macho tu. Ukungu utabaki, na utaiua kalamu yake."

Mzee akakaa. "Unajua nilikuwa naandika herufi ndogo?" alisema taratibu. "Ndogo kabisa. Ili nisiishiwe naye."

Clyde aliinuka, akakataa kusaidiwa, akaumwaga wino mwenyewe kwenye sinki. Wino mwingine ukamwagikia taulo ya karatasi iliyolowa chini ya vyombo vilivyooshwa. Geraldine alipotaka kuifuta, mzee akamshika mkono.

"Acha. Tazama."

Wino ulikuwa unatambaa kwenye karatasi, na kadiri ulivyotambaa rangi zake ziliachana. Njano ilibaki nyuma, bluu ikasogea mbele. Na mwisho kabisa, pembezoni, ukajitokeza mstari mwembamba wa zambarau.

"Zambarau?" Geraldine alishangaa. "Kwenye kijani?"

Clyde aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa sinki. "Krismasi yetu ya kwanza," alisema, "nilimnunulia chupa kubwa ya wino wa zambarau. Akacheka mpaka akakaa chini. 'Clyde, hii rangi ya kumzikia askofu!' Sikuiona tena chupa ile. Miaka yote hiyo nilijua aliitupa."

"Hakuitupa."

"Orodha za sokoni, Geri. Vikaratasi alivyonitilia kwenye chakula changu cha kinyozini. Vyote vya kijani hiki. Alikuwa anautia wino wangu humo, tone kwa tone, na hakuniambia."

Alijifuta uso kwa mkono wenye wino, akabaki na doa la kijani shavuni. Halafu akanyoosha kiganja.

"Nipe kalamu yako."

"Ina bluu tu, mzee. Tena leo ni Jumanne."

"Rangi haidhuru. Nina neno la kumwambia Verna, na siwezi kungoja Jumapili."