Jani la Sukuma kwa Mwangaza

Hapana, Brayo, Mama hajaanza kuhurumia wadudu, na hata kama ameanza, si mimi nilimfundisha. Brayo ni kaka yangu mkubwa. Leo jioni amesimama kwa mlango na gambuti za kazi miguuni akaniambia eti tangu nilipokuwa mtoto nikimpigia Mama zile picha zangu za maua na vidudu, Mama aliacha kuua vidukari kwa sukuma wiki, ndiyo maana sasa wateja wanamrudishia mboga. "Wewe ndiye ulimharibu. Mtu anauza mboga, wewe unamfundisha kubembeleza wadudu," akasema, halafu akaenda kuoga kabla nijibu. Hiyo ndiyo tabia yake, anasema kitu kizito halafu anachukua beseni. Mimi sina subira ya kumngoja atoke, kwa hivyo naandika. Na si mambo madogo. Kibanda cha Mama hapa Langas ndicho kimetulisha na kutusomesha, na siku hizi wateja wake wa zamani wanapita wakiangalia ule upande mwingine wa barabara. Kibanda kikikosa watu, hii nyumba itakosa kila kitu. Lakini Brayo hakuwa hapa wakati wa zile picha. Alikuwa Sugoi kwa mjomba, akikamua ng'ombe. Mimi ndiye nilikuwa na Mama.

Ni ule mwaka shule zote zilifungwa, nikiwa darasa la sita. Kitu nakumbuka kwanza ni harufu ya sukuma ikikatwa asubuhi, ile harufu kali ya kijani ambayo inakaa kwa vidole hata ukinawa, imechanganyika na mbolea na maziwa ya moto kutoka kwa jirani. Mama alikuwa amekodi kashamba Kapseret, huko karibu na uwanja wa ndege, na kwa sababu hakukuwa na shule nilienda naye kila siku. Tulifika kama ukungu bado umelala, umande unalowesha sketi mpaka magoti, na baridi inauma masikio. Mimi nilichoka haraka. Nilimaliza mstari wangu kwa kuruka majani nusu, halafu nikaenda kucheza na simu yake. Mama hakurukaruka. Kila jani aliligeuza, akaliinua kwa mwangaza, akaangalia tumbo lake, na akiona vidukari hata wachache, vile vidudu vya kijivu vinavyokaa kama vimepakwa unga, hilo jani lilienda kwa ng'ombe wa jirani. Aliwaona kabla mimi niwaone, na mimi ndiye nilikuwa na macho ya mtoto.

Lenzi ya kupigia zile picha nilipewa na Onyi, fundi wa simu mwenye meza yake iko karibu na kibanda chetu. Aliichomoa kwa mashine ya DVD iliyokufa, kioo kidogo kama tone la maji, akaibandika juu ya kamera ya simu ya Mama na selotepu. "Sasa songa karibu," akaniambia. "Songa mpaka uone haya." Nikasonga. Picha ya kwanza ilikuwa ua la sukuma iliyozeeka, na ule unga wa ndani ulikuwa umejaa vipunje vya manjano kama mahindi imeanikwa kwa turubai. Nikapiga nyuki akiwa amebeba huo unga kwa mapaja, huku na huku, kama boda imefungwa magunia mawili. Nikapiga tone la umande, na ndani yake kulikuwa na shamba lote juu chini, na Mama mdogo sana amening'inia kichwa chini, bado anavuna. Kupiga hizo picha kunataka utulie na ushike pumzi, kwa sababu ukitetemeka kidogo tu unapata ukungu mtupu. Mimi hata kanisani sikuwa natulia. Lakini hapo kwa matope nililala kwa tumbo mpaka nguo ikaganda.

Asubuhi moja nililenga kidukari mmoja mnene, na nyuma yake kitu kikaanza kutoka. Nilidhani ni choo. Kisha hicho kitu kikatoa miguu na kuanza kuichezesha. Nikaita Mama. Alikuja na kisu mkononi akapiga magoti kando yangu, akasogeza uso karibu na kioo cha simu.

"Kumbe naye anazaa," akasema polepole. "Na mtoto anatanguliza matako. Kama wewe. Ulinisumbua, wewe."

Akacheka mpaka akajishika mgongo. Nikapiga picha, ikatoka safi, mama na mtoto wake. Halafu, na hapa Brayo asome vizuri, Mama akakata hilo jani, akalikunja, akalitupa chini na kulikanyaga na gambuti. Nikalia. Akaniambia picha ni picha na mboga ni mboga, na wale wengine wako kwa mstari ule pale, tuendelee.

Kenye kilileta shida ni kwamba aliipenda. Tukiwa kwa kibanda akaiweka kwa status ya simu yake, akaandika chini: Maajabu ya Mungu kwa sukuma yangu. Aliandika kwa moyo safi kabisa. Lakini watu wenye namba ya Mama ni akina nani? Ni wateja. Kabla ya saa ya lunch Mama Shiru akawa amefika, yule wa hoteli hapo kwa stage ya matatu aliyekuwa akichukua mboga nyingi kuliko wote.

"Mama Brayo, huyo mnyama nimeona kwa simu ndiye unatuuzia?"

"Si mnyama, dada. Ni kitu kidogo kuliko sindano. Ni simu imemkuza."

"Hata simba akiwa mbali ni mdogo," Mama Shiru akasema. "Mimi siwezi pikia watu hiyo kitu."

Vijana wa boda wakaangua kicheko. Kutoka siku hiyo wakawa wanamwita Mama Wadudu, wanamuuliza leo nyama ni ngapi. Mtu akauliza ni nani alipiga hiyo picha chafu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo wakati Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. "Ni mimi," akasema. "Simu si ni yangu?" Nikamnong'onezea aitoe haraka. Akakataa. Aliniambia akiitoa watajua kuna kitu anaficha.

Mimi nilitaka ajibizane nao yaishe siku hiyo hiyo. Yeye alileta beseni, akatia maji na chumvi, akaanza kuosha sukuma jani kwa jani mbele ya watu, na kila moja akaliinua kwa jua kabla ya kulifunga kwa kifungu. Aliosha hivyo siku nyingi, vidole vikakunjamana. Simu yenye lenzi akaiweka kwa meza. "Mwenye ako na shaka aangalie mwenyewe," akasema. Na watu wakaangalia. Kuna nyanya mmoja wa duka la pembeni aliangalia jani, akasema iko na barabara nyingi kuliko mjini, halafu akaweka kidole chake mwenyewe chini ya lenzi na akasahau kununua. Watoto walileta mpaka kupe. Polepole wateja walirudi, na wengine walikuja kwa sababu ya simu wakaondoka na mboga. Mama Shiru hakurudi. Hiyo nakubali, Brayo, hiyo hasara ilikuwa ya kweli na Mama hajawahi kunitajia. Lakini mtu aliyeosha hivyo hawezi kuwa ndiye ameacha kujali.

Sasa nimemaliza Form Four, niko na simu yangu, na bado nalala kwa tumbo kupiga vipepeo kwa maua ya viazi. Mama bado anaenda Kapseret, siku hizi peke yake, mimi naamka nikiwa nimechelewa. Nilipoandika hapo juu jinsi alivyokuwa akiinua jani kwa mwangaza, kalamu ilisimama. Sikumbuki mara ya mwisho nimemwona akifanya hivyo. Siku hizi anapitisha kidole gumba chini ya jani, haraka, macho yakiwa barabarani, halafu analiweka kwa kifungu. Nilidhani ni uzoefu. Mimi mwenye najisifu kuona miguu ya nyuki sikuona hiyo.

Nimeinuka nikachukua jani moja kwa mboga za kesho. Tumbo lake lilikuwa kijivu, vidukari wamejaa. Nikalipeleka jikoni, Mama akiwa anamenya viazi.

"Mama, hii ni safi?"

Akapitisha kidole. Akalisukuma mbali, akalileta karibu, akalisukuma tena. "Iko sawa. Rudisha."

Nikamwonyesha ile picha ya zamani kwa simu yangu, nikaikuza mpaka ikajaa kioo. Akatabasamu. "Huyo ni yule aliyezaa. Huyo namwona vizuri. Siku hizi waliisha, ama?"

Brayo alikuwa ametoka kuoga, amesimama na taulo begani. Akaangalia jani mkononi mwangu, akaangalia Mama, akaweka beseni lake chini.

Kesho asubuhi Mama haendi shambani. Brayo atafungua kibanda, ataosha hizo mboga jani kwa jani kabla auze hata moja, na wakimwita Mtoto wa Wadudu atavumilia. Mimi nitampeleka Mama kliniki ya macho mjini. Atasema hana wakati, atasema macho yake hayana shida, na mimi nitasimama kwa mlango mpaka avae viatu. Wakimjaribisha miwani sitaki asome zile herufi za ukutani peke yake. Nitabeba hili jani kwa mfuko, hivi hivi lilivyo chafu, nimpe aligeuze.