Pesa ya Kushikia Chumba cha Nawoitorong

Mimi ni mtu wa daftari. Nilitoka Karatina nikaja Lodwar kuuza mitumba, na mtu akinikopa nguo, hata akiwa askofu, jina lake linaandikwa. Ndiyo maana Nyabol aliponiambia kwamba mwenye nyumba hajamrudishia elfu tatu zake, damu ilinichemka kuliko yeye mwenyewe.

Nyabol, ambaye mimi humwita Mama Ayen, ni Mdinka. Ameishi kambini Kakuma tangu utotoni, na anadarizi mashuka mazuri mpaka unaona vibaya kuyalalia. Yeye ananiletea, mimi nauza, tunagawana. Juni mwaka 2012 alitaka kuhamia Lodwar, apange chumba mtaa wa Nawoitorong, ashone karibu na soko. Akapata chumba kwa mzee Etabo, Mturkana mpole mwenye kofia ya unyoya, akamwachia elfu tatu za kumshikia mpaka arudi na virago vyake. Walikubaliana mbele yangu. Akihamia, pesa zinaingia kwenye kodi, akishindwa, anarudishiwa.

Akashindwa. Mkimbizi hatoki kambini bila pasi, na pasi ya kuhamia alinyimwa. Alikuwa akipewa za siku tatu tatu, za kuleta mashuka na kurudi mbio. Mzee akampangisha mwalimu mmoja, na habari ya pesa ikalala.

Februari 2013 Nyabol aliingia dukani kwangu siku ya Alhamisi, siku moja ya pasi yake imeshaliwa na barabara. Binti yake Ayen alikuwa ameitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni hapa hapa mjini. Karo ya kuanzia ilikuwepo, imepungua elfu tatu tu. Ijumaa saa kumi nafasi hiyo ingepewa mtoto mwingine.

"Twende kwa mzee sasa hivi," nikamwambia, nikafunga duka.

Tulimkuta ameketi kwenye kiti chake kidogo cha mbao. Nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini mzee alituwahi kwa furaha.

"Ejok, mama, hujambo! Nimekungoja sana. Nilisema, huyu mama amerudi kwao Sudan bila kuniaga?"

"Niko, mzee," Nyabol akasema. "Nimekuja kwa ile pesa."

"Iko. Iko salama. Kwanza imezaa."

Tukatazamana. Mimi nilifikiri ni riba, nikashangaa mwenye nyumba gani huyo wa kulipa riba. Mzee akachukua fimbo yake akasema twende tukaone. Tukamfuata mpaka ng'ambo ya mto Turkwel, jua likitupasua vichwa, hadi kwenye zizi la ndugu yake. Akanyoosha fimbo. Mbuzi jike mweupe, na wana wawili wakinyonya.

"Hiyo ndiyo pesa yako."

"Mzee," nikasema, "huyu hakukuachia mbuzi. Alikuachia noti!"

"Noti nikiweka kwa nyumba itakufa, mama. Mtoto akiugua, natoa mia. Mgeni akikuja, nanunua sukari. Mwenyewe akirudi nimwambie nini? Nikamnunulia mbuzi, ikiwa na mimba. Noti ingezaa?"

Nilikuja kugombana na mwizi, nikakuta mtu aliyetunza mali ya mwenzake kuliko benki, na bado shida yetu iko pale pale. Shule gani inapokea mbuzi?

Nyabol ndiye aliyesema, taratibu. "Malesh, mzee, unisamehe. Asante sana. Lakini mimi siwezi enda na mbuzi Kakuma. Kule mkimbizi haruhusiwi kufuga. Nikionekana na hizi, wenyeji watasema nimeiba, na vita itaanza."

Mzee akaegemea fimbo yake. "Hata moja?"

"Hata moja."

"Mtu mzima, tena mwenye watoto?" Akageuka kuniuliza mimi, kana kwamba Nyabol anamtania. Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa, akainama, akamshika yule mbuzi sikio.

"Basi uziuze, ni zako. Ona, sikukata masikio. Zangu zote zimekatwa alama ya nyumba yetu, hizi niliacha zikungoje. Kwenu mnakata namna gani? Nionyeshe, nikate leo, kesho sokoni mtu asiulize."

Nyabol alikaribia. Akashika lile sikio zima, akalikunja huku, akalikunja kule. Akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani anatafuta neno la Kiswahili.

"Nitakuambia kesho," akasema.

Usiku huo alilala kwangu. Sijui kama alilala.

Kesho yake sokoni mzee alisimama naye tangu asubuhi, na kila mnunuzi aliyeuliza mbona masikio hayana alama alimjibu, "Ni za huyu mama. Mimi ni shahidi." Kwa yule jike peke yake walitoa elfu mbili na mia tano, maana ukame ulikuwa umebana. Haikutosha. Na wana walikuwa bado wananyonya, hawatenganishiki. Saa nane na nusu mtu mmoja akachukua wote watatu kwa elfu nne na mia mbili.

Nikapiga vigelegele mwenyewe. Elfu moja na mia mbili za faida, bila kodi! Nikamgeukia Nyabol nimkumbatie, nikakuta analia, machozi yanateremka na hayafuti.

"Umepata na zaidi," mzee akamwambia kwa wasiwasi. "Unalia nini? Nimekosea?"

"Hujakosea." Akavuta pumzi. "Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi, na alama yake. Nilikuwa na miaka tisa tulipokimbia kutoka upande wa Bor. Tangu jana natafuta ile alama kwa kichwa, siioni. Naona ng'ombe, naona masikio, alama siioni. Na ndugu ambao wangeniambia wameisha wote."

Mimi nilisema kitu cha kipumbavu, kwamba saa inakwenda. Lakini ilikuwa inakwenda kweli. Tulikimbia shuleni, karani akahesabu, akagonga muhuri saa tisa na robo. Ayen akawa na shule.

Basi nikadhani mambo yameisha, kumbe bado. Nyabol akanishika mkono tukarudi mpaka Nawoitorong kwa mzee Etabo. Akatoa zile elfu moja na mia mbili zilizobaki, akamwekea kiganjani.

"Ninunulie mtoto mmoja wa mbuzi, jike," akamwambia. "Masikio yake uache hivyo hivyo."

"Mama Ayen!" nikapiga kelele. "Siku mbili tunahangaika kutoa pesa mikononi mwa huyu mzee, unamrudishia tena? Basi angalau akuandikie risiti!"

Wote wawili walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuliza njia ya kwenda kwake mwenyewe. Kisha mzee akafunga zile noti kwenye pindo la shuka lake, akamuuliza Nyabol anapenda rangi gani.