Waridi Jeupe la Fundi Saa

Kikundi chetu cha kubadilishana maua kilikuwa na kanuni tatu tu, na mimi ndiye niliyeziandika, kwa hiyo nisimsingizie mtu. Ya kwanza, kiangazi kikianza, mvua zimekatika na maua yameanza kufunguka, kila Jumamosi tunakutana kwenye ua wa mmoja wetu, kila mtu na kopo lake la mche. Ya pili, ukipewa mche huukatai, na ukifika nyumbani unaupanda. Ya tatu, ukiwa kwenye ua wa mwenzio husemi vibaya mmea wake. Macho ruhusa, mdomo uuache kwako. Hiyo ya tatu tuliiweka baada ya wanawake wawili wazima kurushiana udongo kwa sababu ya jani moja la njano, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba imetuletea amani.

Fundi Saa hakuwa mtu wa maua. Mtu wa maua alikuwa mkewe, ambaye sote tulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha shule ya msingi miaka thelathini, na hata alipostaafu alikuwa akikutazama kama mtoto aliyesahau daftari. Mumewe alikuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo la zamani la posta, upana wake kama kabati. Ndani mlikuwa na meza, taa yenye shingo ndefu, na droo ndogo ishirini na nne za skrubu ambazo ukipumua vibaya zinapeperuka. Simu zilipoua biashara ya saa hakufunga. Alibadilisha betri, alitoboa mikanda, na siku nyingine alishinda na kile kioo chake cha kukuzia jichoni akisafisha saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Sifa yake ilikuwa moja, nayo ilijulikana mji mzima: hakudanganya. Ukimpelekea saa isiyotengenezeka alikurudishia mkononi na kukuambia, "Hii imekufa, usipoteze hela yako." Wengine walimkasirikia na kuzipeleka kwa mafundi wa sokoni, wakadanganywa vizuri.

Sasa nije kwenye waridi. Mwalimu alikuwa na waridi moja ambalo hakuna mwingine kati yetu aliyekuwa nalo. Katikati lilikuwa na rangi ya papai lililoiva, kingoni jeupe, na likifunguka asubuhi harufu yake inakufuata mpaka barabarani. Alilibebesha mwenyewe. Kwa asiyejua kazi hiyo, waridi zuri mara nyingi halina mizizi ya nguvu, kwa hiyo unachukua jicho lake, unalipachika kwenye shina la waridi pori, lile la maua madogo meupe lenye nguvu za punda, unafunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki na kuomba Mungu yashikane. Yakishikana, panabaki kifundo. Juu ya kifundo ndilo waridi lako. Chini ya kifundo ni pori, na kila kinachochipuka huko unakikata kingali kichanga, maana ukikiacha kitanyonya maji yote na kuliua la juu. Hilo kila mtu wa Jumamosi analijua hata akiwa usingizini. Fundi Saa hakulijua.

Nilimwomba Mwalimu kijiti cha waridi hilo miaka sita mfululizo. Mwaka wa kwanza alisema bado changa. Wa pili akasema limeugua. Baadaye akawa anatabasamu tu na kusema, "Mwaka kesho, mdogo wangu." Wakati huo mimi nilikuwa nimeshampa begonia yangu ya majani ya fedha, mche mzima na mizizi yake, bila kuombwa. Mzee Mbolea, ambaye alitugawia samadi ya ng'ombe wake sote na jina likamganda, naye alimwomba akakosa. Tukikutana njiani tulimsema Mwalimu tukaridhika, kwamba ana mkono wa birika, kwamba atakwenda nalo kaburini. Nasema haya kwa aibu, lakini nasema, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu.

Mwalimu aliugua ini, akaondoka ndani ya wiki tatu. Siku za mwisho alimwambia mumewe, "Ukikwama kwenye maua, waulize wa Jumamosi." Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akiwa amesimama getini kwangu na notibuku mkononi, siku chache baada ya mazishi. Akaniambia, "Shemeji, mimi sijui lolote. Mtanifundisha?" Nikamjibu kwamba asijali, sisi tupo.

Akaanza kutunza ule ua kama anavyotunza saa. Alimwagilia saa kumi na mbili na robo kila asubuhi, kwa lile kopo la Mwalimu lenye mdomo uliopinda. Alijifunza kupunguza majani ya begonia, ile ile niliyoitoa kwangu, akawa anaifuta vumbi kwa brashi ya kusafishia saa. Lakini kukata tawi hakuweza. Nilimwona siku moja ameshika mkasi mbele ya waridi, kisha akaurudisha mfukoni. "Kila kilichopo hapa alikigusa," alisema. "Nikikata nitajuaje kama sijakata kile alichokipenda?" Nilicheka kidogo, naye akacheka. Kule chini, chini ya kifundo, machipukizi matatu yalikuwa yameshatoka.

Kisha binti yake akapiga simu. Alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyeolewa mbali, safari ya ndege mbili. Alikuwa amejenga nyumba, na kwenye nyumba hiyo hakutaka zawadi nyingine ila kijiti cha waridi la mama. Angekuja kiangazi kikianza, akichukue waridi likiwa limechanua, alione kwanza. Baba alinisimulia simu hiyo mara tatu kwa siku moja. Tangu mkewe afe sikuwahi kumwona ana haraka ya kesho ifike. "Kitu kimoja tu ameniomba, shemeji. Kimoja. Nikimpa hicho, nitakuwa nimemaliza kazi yangu."

Mwezi wa pili alinishika mkono barabarani akanivuta mpaka uani kwake. Waridi lilikuwa limenenepa ajabu. Yale machipukizi matatu yalikuwa sasa matawi marefu kunipita, ya kijani kilichokolea, miiba kama makucha ya paka, majani madogo madogo. Alikuwa amechutama na rula yake ndogo ya kupimia mikanda. "Sentimita kumi na moja kwa wiki! Nimeandika zote humu." Nyuma ya msitu huo wa kijani niliona tawi la Mwalimu. Lilikuwa jembamba kama kidole, limebaki na majani manne na ngozi yake imeanza kukunjamana, lakini lilikuwa hai. Ungekata yale matawi matatu siku hiyo hiyo, ukamwaga maji ndoo moja, lingesimama. Ilikuwa kazi ya dakika tano.

Akasimama akajifuta magoti. Akaniuliza, na alivyoniuliza nakumbuka mpaka jasho lililokuwa juu ya mdomo wake: "Niambie ukweli, Karani. Haya ni sawa?"

Karani ndilo jina langu la kazini, miaka yangu yote ya kuandika kadi za wagonjwa hospitalini. Nilitazama tawi la Mwalimu. Nikakumbuka "mwaka kesho, mdogo wangu." Nikakumbuka pia kanuni ya tatu, na ilinifaa sana wakati ule.

"Limechangamka kweli," nikasema.

Uso wake ukafunguka wote. Nilimvika kilemba cha ukoka mgane wa watu, kwenye ua wake mwenyewe, na juu ya hayo nikakubali chai yake.

Wengine nao walipita. Mzee Mbolea aliona, maana kesho yake tulikutana dukani akaniuliza chini chini kama nimefika kwa Fundi. Nikamwambia nimefika. Tukatazamana, kisha akanunua sabuni yake akaenda. Kila mmoja wetu alimwachia mwenzake aseme. Kuna siku niliamka nimepiga moyo konde kwamba leo nakwenda kumwambia. Nilivaa viatu, nikafika getini kwake, nikamsikia ndani anapiga mluzi. Sikuwahi kumsikia akipiga mluzi. Nikajiambia nitamharibia siku, nikarudi nyumbani kupika. Huo mluzi nimeutumia kama kisingizio kwa muda mrefu, lakini ukweli ni kwamba kulikuwa bado na kipande cha roho mbaya ndani yangu kilichotaka kuona waridi lile likifa.

Jumamosi ya kwanza ya kiangazi ilikuwa zamu yake. Aliomba iwe zamu yake. Binti alikuwa amefika Alhamisi. Fundi Saa alipanga viti kumi na viwili uani kwa mstari ulionyooka, akavaa shati la kuolea, na waridi akalifunika kwa shuka jeupe tangu machipukizi yalipoanza kutoa vitumba, ili alifunue mbele ya mwanawe. Alikuwa amehesabu vitumba hivyo: arobaini na saba. Mwalimu hakuwahi kupata zaidi ya tisa.

Akavuta shuka.

Maua yote arobaini na saba yalikuwa yamefunguka, madogo, meupe, petali tano tano, kama yale yanayoota kwenye uzio wa makaburi. Harufu hapana. Nyuki mmoja alitoka chini ya shuka akaruka zake. Mzee Mbolea alikohoa akainamia kopo lake la mche.

Binti ndiye aliyesema, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Baba, hili si la mama."

Fundi Saa alitoa kioo chake mfukoni, akakipachika jichoni, akapiga magoti na shati lake la kuolea. Akashika ua moja, akafuata kikonyo kwa kidole, kutoka kikonyo mpaka tawi, kutoka tawi mpaka shina, kama anavyofuata gurudumu moja hadi jingine mpaka afike lililokwama. Akafika kwenye kifundo. Juu ya kifundo palikuwa na kijiti kikavu, cha rangi ya majivu, kirefu kama penseli. Alikigusa kikakatika. Akakaa pale chini muda mrefu, na sote tuliosimama tukawa tunatazama upara wake.

"Hapa ndipo lilipofia," alisema. Akageuka na kile kioo bado kiko jichoni, kwa hiyo jicho moja lilikuwa kubwa kuliko jingine. "Karani. Nilikuuliza mwezi wa pili. Ulikuwa unajua?"

"Shemeji, tuna kanuni yetu ya—"

"Sikukuuliza kanuni."

"Nilijua," nikasema.

"Na nyinyi?" Aliwapitia mmoja mmoja. Wengine walitazama miche yao. Mzee Mbolea, mtu wa miaka sabini na mbili, alianza kulia kwa sauti kama mtoto, na hakuna aliyemgeukia.

"Miaka arobaini nakaa chini ya ngazi zile," alisema Fundi Saa, na hakupandisha sauti. "Mtu akiniletea saa imekufa, nimewahi kumwambia inatembea? Hata mmoja? Mke wangu aliniambia niwaulize nyinyi. Yeye aliwaamini."

Binti alinitazama. Alinijua tangu akiwa na meno ya maziwa. "Mama mdogo," aliniita, halafu akaacha, akaingia ndani.

Tulidhani Fundi Saa atatufukuza. Badala yake alitoa mkasi. Yule mtu ambaye hakuweza kukata tawi alikata yote siku hiyo, kwa utaratibu, kila kijiti sentimita ishirini, amepima kwa rula. Akavifunga kwa karatasi yenye maji, akavigawa kwenye viti, mmoja mmoja, mpaka wote kumi na wawili tukapata. "Ukipewa huukatai," alisema. "Na ukifika nyumbani unaupanda. Si ndivyo ulivyoandika, shemeji?" Tukapokea, tukaondoka mmoja mmoja, kila mtu na tawi lake la waridi pori, na makopo tuliyokuja nayo tukayasahau kwenye viti.

Binti aliondoka Jumanne. Nilisikia kwamba alichukua kile kijiti kikavu, amekifunga kwenye leso. Waridi lenyewe baba yake aling'oa mizizi yote, akamwaga saruji pale lilipokuwa. Kikundi kilijifia chenyewe, hakuna aliyetangaza.

Fundi Saa bado yuko chini ya ngazi. Tunaamkiana. Mwaka jana niliipeleka saa ya marehemu mume wangu, labda kwa sababu nilitaka kuzungumza naye, na saa ilikuwa kisingizio. Aliifungua, akaiangalia kidogo kwa kioo, akaifunga. "Hii imekufa, Karani. Usipoteze hela yako," akasema, na akanirudishia mkononi kwa heshima zote. Hakuniita shemeji. Nilisubiri kidogo mlangoni, lakini alikuwa ameshaanza saa nyingine.

Kijiti changu nilikipanda nyuma ya tangi la maji, mahali pasipo na jua, kwenye udongo wa mawe. Sikukimwagilia. Mvua za kwanza zilipokuja kilishika, na sasa kimepanda ukuta, kimefika dirisha la chumba nilalacho. Kila kiangazi kikianza kinafunguka, maua meupe mamia, yasiyo na harufu. Kukikata siwezi, mkono unakataa. Wageni wakija kuniona, majirani wapya wasiojua lolote, husimama pale, wakashika kiuno na kutikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Limechangamka kweli," wananiambia.

Na mimi nawaambia asante, nawakaribisha chai.